Nilisema Poa, Wakaandika Nimepoa

Nilipomnyang'anya yule kijana kipimajoto chake sikuwa nimepanga nitampima nani. Nilijikuta tu ninacho mkononi, kile cha bastola, kama vile vilivyokuwa vikitulenga kwenye milango ya benki miaka ya korona. Nilikuwa nimesimama mbele ya hema la huduma ya kwanza pale Muleba, nimelowa mpaka soksi, nimefungwa blanketi linalong'aa kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nikaanza na yeye mwenyewe. Nikamlenga katikati ya nyusi, nikabonyeza, nikasoma kwa sauti ili watu wasikie: thelathini na mbili na nusu.

"Pole waitu," nikamwambia kwa heshima ya Kihaya. "Wewe umekufa tangu asubuhi."

Watu wakacheka, na hapo ndipo nilipoharibika kabisa, maana mimi nikichekewa naongeza. Nikapima meza yao. Nikapima chupa ya maji. Palikuwa na mzee anapita na baiskeli, amefunga mkungu wa ndizi nyuma, nikamwomba asimame, akasimama, nikaupima mkungu. Kipimajoto kikaandika Lo. Yule kijana akajaribu kunieleza kwamba Lo maana yake joto liko chini mno, chombo hakiwezi kulisoma. Nikamwambia hapana, hiyo ni lo ya Kiswahili, chombo chenyewe kinashangaa kazi mnayokipa.

Mgeni rasmi wa mbio akasikia kelele, akaja kuona kuna nini. Mtu mzima, koti refu, mwavuli ameshikiwa. Naapa sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Thelathini na tatu na pointi nane.

"Na mgeni rasmi atolewe kwenye mashindano," nikasema.

Mgeni rasmi akajishika paji la uso kama mtu aliyeambiwa amepakwa masizi.

Sasa nieleze nilivyofika hapo, maana habari hii ilinitangulia Bukoba, na kule sokoni wameisimulia vibaya. Wanasema nilivua nguo mbele za watu. Sikuvua. Nilikaribia, lakini sikuvua.

Kisa ni godoro. Mimi na mume wangu tunakaa Miembeni, mjini Bukoba, chumba na sebule nyuma ya duka, na godoro letu tulianza nalo ndoa. Katikati limeingia ndani kama bakuli. Mtoto alipozaliwa tukawa watatu, na kila usiku sote watatu tunakutana kwenye bakuli, tutake tusitake. Nikawa naamka asubuhi mgongo unalia. Nesi wa kliniki akanishauri nifanye mazoezi, nikaanza kukimbia asubuhi kando ya ziwa, na mgongo ukapona kidogo, na miguu ikanogewa. Mama mkwe alisema mwanamke anayenyonyesha hukimbia kwa sababu mbili tu: anafukuza mbuzi au anafukuzwa. Nikamwambia, mama, mimi nafukuzia usingizi mzuri.

Nilisema hivyo kwa utani. Halafu ikapita gari yenye spika, inatangaza mbio za Muleba, na juu ya gari limelala godoro. Jipya, nene, bado liko kwenye nailoni yake. Zawadi ya mshindi wa kwanza wa kike. Lile gari lilizunguka mjini siku nzima, na mimi kila likipita nilitoka nje kulitazama. Mume wangu akaniuliza kama natazama gari au dereva. Nikamwambia namtazama mgeni wetu.

Muleba ndiko nilikozaliwa. Vile vilima navijua, nimevipanda na ndoo kichwani tangu utoto. Tukatangulia siku moja kabla, mimi, mtoto na wifi yangu, tukalala kwa wazazi wangu kwenye kibanja chao, katikati ya migomba. Wifi ni dada wa mume wangu. Nilimchukua amshike mtoto, na pia kwa sababu ana mdomo kunizidi mimi, na mbio zinahitaji mtu wa kukupigia kelele.

Asubuhi ikaja na mvua. Si ile ya kupiga na kupita. Ilikuwa ile ya manyunyu na upepo, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, baridi inaingia kwenye mikono ya fulana na kutafuta mbavu. Wakatupanga mstarini tumevaa vifulana vyetu na namba kifuani, halafu mgeni rasmi akaanza hotuba. Alizungumzia umuhimu wa michezo kwa afya. Alizungumza chini ya mwavuli, sisi tukisikiliza chini ya mvua, mpaka vidole vyangu vikawa vyeupe.

Walitueleza pia sheria mpya. Mwaka uliopita kuna mkimbiaji alianguka kwenye mvua kama hiyo, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, baridi imemwingia mwilini. Kwa hiyo safari hii kila mmoja atapimwa joto pale kwenye kona ya kugeuzia, na atakayeonekana chini ya thelathini na tano anatolewa. Niseme ukweli, sheria si mbaya. Mimi ni mama, sitaki mtu afe kwa ajili ya godoro. Shida haikuwa sheria. Shida ilikuwa bastola.

Tukaachiwa. Mwanzo nilikuwa na ganzi, lakini kilima cha kwanza tu kikaniwasha. Jamani, kukimbia kwenye mvua ukiwa umeshapata moto ni raha ambayo sijui niieleze vipi. Uso unapigwa maji, ndani unachemka kama sufuria iliyofunikwa. Watu walitoka kwenye migomba wakinipigia makelele ya Kihaya, bibi mmoja akaniuliza nimeiba nini, nikacheka mpaka nikakosa pumzi, lakini sikupunguza. Nilikuwa mbele. Nyuma yangu alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, miguu mirefu, kofia ya sufu imefunika paji lote la uso. Nilikuwa nasikia viatu vyake, halafu nikawa sivisikii tena. Nikaanza kulipanga lile godoro chumbani. Nikalilaza upande wa dirishani.

Kwenye kona ya kugeuzia akanisimamisha kijana wa fulana nyekundu, na mwenzake ameshika karatasi kwenye mfuko wa nailoni.

"Mambo, dada?" akaniuliza.

"Poa," nikajibu.

Akanilenga kwenye paji la uso linalotiririka maji. Akatazama kioo. Akamgeukia mwenzake.

"Andika thelathini na tatu na moja," akasema. "Na mwenyewe amekiri amepoa."

Nilidhani ni utani, nikacheka, nikataka kuondoka. Akanizuia kwa mkono. Akanieleza kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionitia uchungu, kwamba kwenye semina walifundishwa kumwuliza mtu hali yake na kuandika maneno yake mwenyewe. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa hayo. Nikamwambia kaka, wewe ndiye umeniuliza mambo, ulitaka nijibu nini, marahaba? Akasema hata hivyo namba inakubaliana na maneno. Nikamwambia mwili wangu unawaka, nishike kifuani uone. Akasema hawaruhusiwi kushika wanawake. Nikamwambia basi shika shingo. Akasema shingo nayo ni mwanamke.

Wakati tunabishana shingo ni nani, mwalimu akafika. Akapandisha kofia yake ya sufu kwa kidole, paji la uso likatoka kavu, lina joto lake kama yai lililotolewa chini ya kuku. Thelathini na tano na nusu. Pita. Na yeye aliulizwa mambo. Akajibu, "Salama." Mwalimu bwana.

Wakanipandisha kwenye gari na lile blanketi lao la kung'aa. Njia nzima nilikuwa natokwa na jasho ndani ya blanketi, dereva anasema mimi ndiye mtu wa kwanza aliyekufa kwa baridi kumwona akijipepea.

Pale hemani wifi alinipokea na mtoto analia njaa. Akanizunguka mara moja, akanitazama kama samaki aliyefungwa kwenye jani la mgomba, akaniuliza, "Wifi, wamekuivisha tayari au bado?" Nikamweleza. Kijana wa fulana nyekundu naye alikuwa ameshafika kwa pikipiki na bastola yake, maana wakimbiaji wengi walikuwa wamegeuza. Akanilenga tena: thelathini na tatu. Akaniambia nisimnyonyeshe mtoto kwanza, maziwa yatakuwa yamepoa. Mtoto hakumsubiri. Aliingia kwenye blanketi, akashika titi, akatulia, akaanza kutokwa jasho puani.

Nilipomwona mtoto anatoka jasho ndipo nikakumbuka kipimajoto chake.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Kuna siku nilitoka na mtoto Muleba kwenye mvua, tukapanda bodaboda kwa kipande cha mwisho mpaka nyumbani. Jioni akawa amelegea. Nikampima kwapani, kipimajoto kikasema hana kitu. Nikamgusa mikono, ya baridi. Nikampeleka kliniki hivyo hivyo, moyo umekataa. Nesi akamgeuza, akapaka kipimajoto mafuta ya mgando, akakiingiza njia ya haja kubwa, akasubiri. Mtoto alikuwa na thelathini na tisa. Nesi akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Mama, ngozi iliyopigwa na baridi inakupa uvumi. Habari yenyewe iko huku." Tangu siku hiyo kipimajoto cha mtoto kinakaa kwenye begi lake, pamoja na pampasi na kikopo cha mafuta, na kina kazi moja tu na mahali pamoja tu.

Nikamwambia wifi, leta begi na kanga.

Tukaenda nyuma ya hema. Wifi akatandaza kanga kama pazia, amenigeuzia mgongo, mtoto amembeba kiunoni. Upepo ulikuwa unaitaka ile kanga kuliko sisi. Kila ukivuma wifi anapiga kelele za chini chini, mimi namwambia tulia, yeye anasema atatuliaje na nusu ya Muleba iko upande wa pili. Kulikuwa na mbuzi mmoja amefungwa kwenye mti, anatutazama. Nilicheka mpaka nikaogopa kitatoka. Ukweli ni kwamba sijawahi kufanya jambo la kipuuzi kwa umakini kiasi kile.

"Wifi," akaniambia bila kugeuka, "mama akiuliza, mimi sikuwepo."

Kikalia. Thelathini na nane na pointi nne.

Nikakifuta, nikatoka nacho nimekinyanyua kama mtoto aliyepata matokeo ya darasa la saba. Nikampelekea kijana. Nikamwambia huo hapo mwili wangu, nipelekeni nilipoishia nimalizie. Akakipokea kwa macho tu. Kisha akauliza nimepima wapi.

"Mahali ambapo upepo haufiki," nikamjibu.

Ikamchukua muda kidogo. Ilipomwingia, aliweka mikono yote miwili mgongoni, akasogea nyuma, akakisoma akiwa ameinamisha shingo kama twiga. Akasoma mara ya pili. Sura yake ikabadilika ikawa ya huruma, na nikajua sasa ameelewa. Nikaanza hata kumsamehe.

Akasema, "Sasa dada, una homa. Mwenye homa naye haruhusiwi."

Ndiyo hapo. Ndipo mkono wangu ulipokwenda kwenye bastola yake, na yale ya mkungu wa ndizi na mgeni rasmi mmeshayasikia.

Wakati mgeni rasmi bado amejishika paji la uso, kukapigwa vigelegele. Mwalimu alikuwa anamaliza. Simchukii. Alikimbia vizuri na kofia yake ni ya maana. Lakini nilisimama nimeshika bastola, nikaona godoro linashushwa, anapewa mkono, watu wanapiga makofi, kisha wanalipandisha kwenye bodaboda. Dereva mbele, mwalimu nyuma, godoro kichwani mwake limepinda pande zote mbili kama mbawa. Nililisindikiza kwa macho mpaka ukungu ukalimeza. Wifi akasema lile godoro limepata safari nzuri kuliko yetu. Tukaanza kucheka, tukacheka vibaya, hata watu wa kamati ya mbio wakadhani ni ile dalili ya baridi kuingia kichwani, mmoja akaja na blanketi la pili.

Kabla ya kuondoka mgeni rasmi alinivuta pembeni. Nikajiandaa kwa polisi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama thelathini na tatu na pointi nane ni hatari kwa mtu wa umri wake. Nikamwambia, mzee, wewe ni mzima, paji lako la uso tu ndilo limeumwa na baridi. Akashukuru. Akaingia kwenye gari akiwa amevaa kofia.

Nilirudi Bukoba na hasira yangu ikiwa bado mbichi. Nikapitia kliniki kwanza, maana sikutaka kwenda kwa kamati kusema ujinga. Nikamsimulia nesi, na nilipofika kwenye mbuzi ilibidi ashike ukuta. Alipopata pumzi akanieleza vizuri. Mtu akikimbia kwenye baridi, misuli inatengeneza moto mwingi, na mwili unaufungia ndani, unaiachia ngozi ipambane na upepo na mvua. Ukilenga paji la uso lililolowa unapima hali ya hewa. Mdomoni nako unadanganywa, mtu anahema hewa ya baridi na ametoka kunywa maji. Kwapani kumelowa. Sikioni upepo umeshaingia. Na thelathini na nane na kitu kwa mtu aliyetoka kupanda kilima mbio si homa, ni kazi. Aliniambia pia jambo moja ambalo lilinipunguza kiburi kidogo: mtu ambaye baridi imemwingia kweli naye anaweza kusema yuko poa. Kwa hiyo neno lake halitoshi. Anatakiwa apimwe kwenye ukweli.

Nikaenda ofisi ya kamati, iko mjini, ngazi za juu. Mama wa mapokezi aliniambia malalamiko ya mdomo hawapokei. Akanipa karatasi nyeupe. Nikakaa kwenye benchi, mtoto mapajani, nikaandika. Alipoisoma aliuma midomo, akageukia dirishani, mabega yakamtikisika. Kisha akapiga mhuri, akanipa nakala. Ninayo hapa. Naiweka kama ilivyo.

YAH: KUTOLEWA KWENYE MBIO KWA SABABU YA NENO "POA" NA PAJI LA USO LILILOLOWA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza. Mimi ni mkimbiaji wenu wa kike niliyekuwa ninaongoza mpaka kwenye kona ya kugeuzia. Nalalamika kwamba niliulizwa mambo, nikajibu poa, na jibu langu likaandikwa kuwa nimekiri kupoa. Mimi ni mzaliwa wa huku na Kiswahili nimekisoma mpaka kidato cha nne. Poa maana yake mzima.

Nalalamika pia kwamba nilipimwa kwenye ngozi, nje, kwenye mvua na upepo, nikaonekana wa baridi. Nikajipima ndani, nikaonekana mgonjwa wa homa, yote hayo nikiwa mtu mmoja, siku moja, mzima. Kwa kipimo kile kile mtumishi wenu, mgeni rasmi na mkungu wa ndizi wote walistahili kutolewa, lakini nikatolewa mimi peke yangu.

Sipingi wakimbiaji kupimwa. Mtu akitetemeka na maneno yake yakapotea, mtoeni, hata akisema poa. Lakini joto lake lipimwe mahali linapokaa. Wekeni hema lililofungwa pande zote nne, kipimajoto cha njia ya haja kubwa, mafuta ya mgando, na mhudumu wa kike kwa wanawake. Anayeona haya achague mwenyewe kati ya haya yake na mbio zake. Mimi nilishachagua, nyuma ya kanga, na shahidi ninaye, ingawa atakana. Hotuba nazo zisomwe baada ya mbio, au zisomwe bila mwavuli.

Naomba nirudishiwe haki yangu kwa mbio kati yangu na mshindi, kilima kile kile, siku yoyote ya mvua mtakayopanga, bila kofia. Nikishinda nipewe godoro jipya likiwa kwenye nailoni. Lile la kwanza silidai, limeshalaliwa. Nikishindwa nitampa mwalimu mkono, nitarudi kwenye bakuli langu, na hamtanisikia tena.

Nimeandika nikiwa na akili timamu na joto langu kamili, lililopimwa panapohusika.